Bikoni Shambani kwa Bibi

Juzi alfajiri, nikiwahi foleni ya kwenda kazini Dar, niliona bikoni, kile kijiwe cha mpaka wa kiwanja, kimechomoza ukutani kwa jirani. Nikasikia tena harufu ya mabibo yaliyooza.

Alasiri ile ya utoto wangu, wapima ardhi walikuwa wameacha vijiwe vya saruji mbichi kati ya mikorosho ya bibi. Nilidhani ni makaburi ya watoto: nani kafa, na nani anafuata? Nikachuchumaa, nikainua mikono, nikasoma Fatiha.

“Unamsomea nani, mjukuu wangu?” bibi aliuliza.

“Waliozikwa hapa, bibi.”

Sasa najua shamba lilikuwa limeuzwa, likatwe viwanja. Bibi hakunisahihisha. Aliinua mikono, akaitikia, “Amina.”