Kocha Aliyekosea Nyumba

Kocha wetu alikuwa Mfilipino mfupi, na huo ufupi ulitushangaza kuliko Ufilipino wake. Tulizoea kuambiwa mpira wa kikapu ni mchezo wa warefu. Ndiyo maana mimi, siku yangu ya kwanza sekondari, nilipewa mpira kabla sijapewa dawati. Halafu analetwa mtu anayenifikia begani, tunaambiwa huyu ndiye mwalimu. Tulicheka bila adabu. Kisha akauchukua mpira, akaupitisha katikati yetu mara huku, mara kule, na hakuna aliyeugusa. Tukafunga midomo.

Alikuja Morogoro akimfuata mkewe, mtafiti wa mpunga. Mwenyewe hakuwa na kazi hapa, akaomba kufundisha wasichana kwenye kiwanja cha saruji upande wa Kilakala. Alitusimulia kwamba kwao kila kichochoro kina goli la kikapu, mengine yamegongomewa kwenye minazi, na watu wanacheza kwa kandambili. Yeye alitoka kichochoroni akaenda kulipwa mshahara kwa kucheza. Watu walikata tiketi kumwona. Sura yake ilibandikwa kwenye mabasi. Tukimuuliza kwa nini aliacha, alijipiga goti la kulia na kusema, "Hili," basi, anapuliza filimbi turudi kazini.

Na kazi yenyewe ilikuwa miguu. Mpira ulikaa kwenye wavu wake pembeni sisi tukijifunza kusimama, kugeuka na kurudi nyuma. "Mpira utakuja," alikuwa akisema. "Miguu kwanza." Leo na mimi ni kocha hapa hapa mjini, na wasichana wangu wananichukia kwa sababu hiyo hiyo. Wacha wanichukie.

Nilipokaribia kumaliza kidato cha nne, kocha akanipatia nafasi katika timu moja ya Dar es Salaam. Ningelala hosteli ya timu, nicheze na kusoma chuo. Niliitaka ile nafasi vibaya sana. Nilikuwa nikila nawaza Dar, nikifua nawaza Dar. Kilichobaki ni ruhusa ya nyumbani.

Kocha akaenda kwetu Mlali kuiomba. Alifuatana na mwalimu wetu wa michezo, Mhaya, ambaye kwao baba akishasema, limesemwa. Wakabeba sukari na sabuni, wakamkuta baba yangu, wakamweleza. Baba akafurahi, akawachinjia bata, akasema hakuna shida, mtoto aende. Jioni ile kocha alirudi mjini akitembea kama mtu aliyeshinda fainali.

Siku iliyofuata mama akapigiwa simu na kaka yake kutoka huko juu milimani. Habari zilikuwa zimemfikia kupitia wabeba mboga. Alisema maneno machache tu: "Mtoto wangu haendi popote." Akakata simu.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba tunampenda, tunamheshimu, ada analipa yeye, lakini jambo kama lile si lake. Nilimkasirikia mjomba, na baba nikamkasirikia zaidi. Kwa nini hakusema? Sasa namwelewa. Mgeni ametoka mbali, amekuja na sukari, uso unang'aa kwa matumaini. Utamwambiaje kwamba amekosea nyumba? Baba aliona haya, akatoa kisicho chake.

Kocha alipoelezwa, nilitegemea ang'ake, maana mimi nilishang'aka vya kutosha kwa wote. Aliuliza tu, "Mjomba anakaa wapi?" Mama akanyoosha kidole juu, kwenye ukungu.

Mvua ilikuwa imeikata barabara, kwa hiyo sehemu kubwa tulipanda kwa miguu. Mama alitangulia na jogoo kwapani, kifungua mdomo cha kumpelekea kaka yake. Nilifuata mimi, kocha akawa wa mwisho. Ndipo nikaliona lile goti. Kwenye kiwanja alijua kulificha, mlimani hakuna pa kujifichia. Alipanda kiubavu, anatanguliza mguu mzima, kisha anauvuta ule mwingine kwa mkono, ameshika suruali. Nilimwambia turudi. Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake, nikaendelea kupanda.

Mjomba alituona tokea mbali. Alikuwa kwenye matuta yake ya kabichi, na hakushuka kutulaki. Alisimama na jembe lake akitutazama mpaka tulipofika.

Mama akamkabidhi jogoo na kusema tumekuja kwa mwenyewe. Mjomba akamfunga yule jogoo mguu kwenye nguzo ya baraza, akatukaribisha kwenye mkeka. Mlangoni palikuwa na picha ya Bikira Maria. Kocha akapiga ishara ya msalaba, kwa mazoea yake, si kwa kujipendekeza. Mjomba aliona.

"Kusali ni kusali," akasema. "Mtoto ni mtoto."

Kisha, kabla hatujatoa hoja yetu, akamuuliza kocha, "Nimekuona unavyopanda. Hilo goti lilipatwa na nini?"

Kocha akasimulia kwa Kiswahili chake kidogo, na palipomshinda nikamsaidia. Aliangukia goti katikati ya mchezo. Timu ikamletea matunda hospitalini. Baadaye mkataba ukaisha, hawakuongeza mwingine, jezi yake akapewa kijana mpya. Aliona aibu kurudi kwao. Akabaki mjini kwenye chumba cha kupanga, na kila asubuhi alitoka na begi la mazoezi ili majirani wadhani bado anacheza. Hayo hakuwahi kutuambia sisi. Niliyasikia mara ya kwanza nikiyatafsiri.

"Kwenu hawakujua?" mjomba akauliza.

"Hawakujua."

"Nani alikufuata?"

"Hakuna."

Mjomba akavuta ungo wa njegere, akaanza kumenya. Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Na huyu wangu, wakimchoka?"

Nilimwomba kocha moyoni adanganye. Aseme tu hawatamchoka, aseme nina kipaji, aseme lolote linalosemwa na watu wanaotaka kupewa mtoto.

"Watamchoka," kocha akasema. "Mchezaji, mwisho, wote wanachokwa."

Nikajua yamekwisha. Nilimchukia kwa muda ule, kabisa. Mjomba akaweka ungo chini, akamgeukia mama.

"Mchinje huyo jogoo," akasema.

Mama akapiga kigelegele. Mimi nikabaki nimeduwaa, maana kifungua mdomo kisichokubaliwa hurudi na mwenyewe kikiwa hai. Mjomba akatoa simu yake ya vibonye, akampa kocha ili wapeane namba. "Siku wakimchoka," akamwambia, "nataka nijue mimi, kabla yeye hajaanza kuona haya."

Nikaenda Dar. Nilicheza misimu mizuri, nikashangiliwa, nikavimba kichwa kidogo. Kocha na mkewe wakarudi kwao. Kisha timu ikapata mwalimu mpya aliyekuja na wasichana wake, na majina yalipobandikwa, langu halikuwemo. Nikaambiwa nihame hosteli. Nyumbani sikumwambia mtu. Nilimwandikia kocha peke yake, ujumbe mfupi, nikamsihi asimwambie yeyote mpaka nijue la kufanya.

Kesho yake mchana mlinzi akaja kuniita, nina mgeni getini. Nikatoka. Mjomba alikuwa amesimama juani na koti lake la kanisani, viatu bado vina udongo mwekundu wa kwetu. Dar hakuwahi kufika maishani mwake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akanitazama juu mpaka chini, kama anayehakikisha nimetimia. "Una mizigo mingi?"

"Begi moja. Nani amekuambia?"

"Mwenzangu," akasema, na akaingia ndani kulichukua.