Mvinyo wa Kumkaribisha Baba

Tangu niolewe, baba yangu alikuwa hajala wala kunywa kitu nyumbani kwangu Kilosa. Kila mara alikuja na treni kutoka Munisagara, akaketi barazani, akaitikia shikamoo zetu, akawauliza watoto habari za shule, kisha akarudi kwake na njaa yake. Alitaka niolewe na mtu wa milimani, Mwanglikana mwenzetu. Mimi nikamleta karani wa stesheni, Mkatoliki, mtoto wa watu waliokuja kukata mkonge. Mzee hakugomba. Alikataa chakula chetu kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi.

Mwaka ule akatuma salamu kwamba Krismasi atakuja kwetu. Mume wangu akahangaika kama anayekwenda kuposa upya. Sukari ilikuwa ya foleni, na mahindi yalikuwa ya kula, si ya kupikia pombe. Akamwomba rafiki yake wa kwenye treni amletee mvinyo mwekundu kutoka Dodoma. Kanisa la baba halikupenda ulevi, lakini siku ya sikukuu hata wazee wa kanisa walilowesha koo na hakuna aliyewauliza.

Zikaja chupa tatu, kila moja na ladha yake. Tulizijaribu jikoni siku moja kabla. Kifungulio hatukuwa nacho, kwa hiyo mume wangu alisukuma vizibo ndani kwa mpini wa mwiko. Wa kwanza ulikuwa mtamu, akaupenda papo hapo. Nikamwambia baba yangu si mtoto wa kupewa sharubati. Huyu ni mtu anayekunywa chai bila sukari hata ikiwepo. Wa pili ulikuwa mwepesi, hauna neno. Wa tatu ulikuwa karibu mweusi, mzito, ukashika ulimi kama ndizi mbichi. Nikasema ndio huo. Mume wangu akanung'unika kwamba nataka kumkosanisha na mkwe wake kabisa.

Baba akaja. Baada ya ibada tukamkalisha sebuleni, na mume wangu akamimina glasi, akainama, akampa kwa mikono miwili.

Hapo nikaona kosa letu. Kwetu milimani, kinywaji hufunguliwa mbele ya mgeni, na mwenye nyumba huonja kwanza ili mgeni ajue ni salama. Sisi tulileta chupa iliyokwisha kufunguliwa, kizibo kinaelea ndani. Na mume wangu, kwao kunywa kabla ya mkubwa ni utovu wa adabu, kwa hiyo hakuonja hata tone. Sikuwa nimemweleza, jambo ulilokua nalo hukumbuki kwamba mwingine halijui. Na binti hawezi kumsahihisha mumewe mbele ya baba yake. Nikasimama pale na sinia, nimekauka.

Baba aliitazama chupa. Akamtazama mume wangu, aliyekuwa bado ameinama, kijasho kikimtoka. Kisha akapeleka glasi mdomoni, akanywa funda moja, uso ukamkunjamana, akameza. Akamrudishia glasi.

“Kunywa, mwanangu. Nimeshaonja.”

Mume wangu alidhani mvinyo umekataliwa. Akanigeukia kwa macho ya mtu anayetaka kusema nilikwambia tuchukue ule mtamu. Masikini, angejuaje kwamba maneno yale kwetu husemwa na mwenye nyumba, ndani ya nyumba yake? Baba angeweza kuiweka glasi chini tu, na hakuna mtu wa milimani ambaye angemlaumu. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na bado namshukuru, pengine zaidi sasa kuliko pale.

“Kunywa,” nikamwambia mume wangu. “Umalize.”

Akanywa. Baba akamngoja amalize, kisha akakunja mikono ya shati lake na kuniomba maji ya kunawa.