Maji Haya Yana Dawa

Mimi nimezaliwa Mikindani, penye nyumba za mawe na watu wa maneno mengi, nikaolewa kijiji cha bondeni, karibu na Ruvuma inapoingia baharini, kwa watu wa maneno machache na jembe refu. Wakwe zangu walivuka mto kutoka upande wa pili, na kwao mtoto ni ntoto na mkono ni nkono. Mavyaa, yaani mama yake mume wangu, aliniona siku ya kwanza nikiyanusa maji kabla ya kuyanywa, akasema, "Ntu wa pwani huyu, atatusumbua." Haikupita muda nikamzalia mjukuu wa kike, akanisamehe pua yangu.

Mto wenyewe pale haunyweki. Bahari ikijaa, chumvi inapanda nao, ukichota unachota mchuzi. Tulikuwa na bwawa moja tu la maji baridi, kando ya mashamba ya mpunga, na bwawa hilo ndilo lililokuwa likimnywesha mwanangu, ambaye nilikuwa ndiyo kwanza namwachisha ziwa. Nalisema mapema ili ujue nilikuwa na haki ya kukasirika.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Tumekwisha kukusanywa kijiji cha ujamaa, na shamba la mpunga la kijiji likawekwa ukingoni mwa bwawa lile. Likajaa ndago. Asiyeijua ndago amshukuru Mungu. Ni majani yenye vitunguu vidogo chini ya udongo; ukiua moja, wenzake wanakuja matanga na hawarudi kwao. Wanawake tuling'oa mpaka kucha zikaisha. Wanaume wakakutana kujadili.

Katika kujadili kwao wakamwita bwana shamba kutoka Mtwara mjini. Akaja kijana nadhifu, soksi amezivuta hadi magotini, na madebe mawili, moja lina mstari wa kijani, jingine mstari mwekundu. Akatueleza kwamba yote mawili ni dawa ya majani. Ya kijani haina ukali, inataka kupulizwa tena na tena, lakini ndiyo ya kutumia kando ya maji. Ile nyekundu ni ya barabara na viwanja vya ndege. Ukipuliza mara moja hapaoti kitu. Alijua, unaona. Aliyasema kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha akakunja mikono, akasema yeye ni mtaalamu tu, uamuzi ni wa wananchi, tupige kura.

Sasa wape watu wa kwetu dawa mbili wachague, moja kali na moja isiyo kali. Sisi dawa tumeijulia zahanati. Kidonge kinachomezeka bila kukunja uso tunakishuku. Tunataka sindano, na sindano isiyouma tunaona mganga ametupunja. Mwenyekiti alisimama akasema, "Ndugu zangu, ugonjwa sugu hautibiwi kwa aspirini," na mikono ikapanda yote kwa debe jekundu. Ndivyo tulivyoipigia kura, kwa amani na utulivu.

Nami niliinua mkono, ila si wa kura. Nikauliza, "Mvua ikinyesha, hiyo dawa itakwenda wapi?" Maji hayana siri, yanakwenda chini, na chini palikuwa na bwawa. Bwana shamba akatabasamu kwa adabu.

"Dada, hii ni dawa ya majani. Inaua majani. Kwani wewe ni jani?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko, na mume wangu, Mungu amrehemu, alicheka nao. Nikakaa chini. Kicheko kile nakisikia hadi leo, na hadi leo nakichukia.

Wakapuliza kwa bomba la mgongoni. Ndago ilikauka, nisiseme uongo. Na matete yakakauka, na mchaichai wa mavyaa ulioota pembeni ukakauka, na mwenyekiti akawa anapita pale kila siku mikono nyuma, anaangalia ukavu wake. Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, na kulipokucha samaki wote wa bwawani walikuwa wanaelea.

Hapa lazima nikueleze utupa. Ni mmea wa porini. Majani yake yanatwangwa, yanamwagwa kwenye maji yaliyosimama, samaki wanalewa, wanaelea matumbo juu, watu wanaokota. Wakwe zangu wamevua hivyo tangu kwa mababu zao, na masharti yake ni mafupi: tupa utumbo, osha sana, kula. Basi kijiji hakikuona msiba pale, kiliona kitoweo. "Serikali imetutilia utupa," alisema mavyaa, akafunga kibwebwe, akaingia majini na tenga lake.

Mimi sikula. Usinisifu. Sikula kwa sababu walikuwa kambare, na mtu wa Mikindani hali samaki wa matopeni asiye na magamba. Maringo ndiyo yaliyoniokoa, akili haikuwamo. Mwanangu naye alikuwa bado ni wa uji. Lakini wengine walikula, kambare wa nazi kwa wali, na bwana shamba, aliyekuwa amerudi kukagua mafanikio yake, akawekewa kambare mnene kuliko wote kwa heshima ya ugeni. Hakuuliza ametoka wapi. Mgeni haulizi.

Kabla ya alasiri kijiji kizima kilikuwa vichakani. Bwana shamba na mwenyekiti walitapika bega kwa bega, kijamaa kabisa. Hakufa mtu, alhamdulillahi, na kwa kuwa hakufa mtu niliruhusu moyo wangu ufurahi kidogo kila nilipompita bwana shamba na kibakuli cha uji.

Alipopata nguvu akafanya mambo ya kitaalamu. Akakataza bwawa lisitumike, akapigilia kibao ukingoni: TAHADHARI. MAJI HAYA YANA DAWA. Nikamwambia aandike sumu.

"Serikali haigawi sumu, mama," akanijibu. "Serikali inagawa dawa."

Kabla hajatapika nilikuwa dada, baada ya kutapika nikawa mama. Lakini neno lake hakulibadilisha.

Siku zile karibu sote tulikuwa kwenye kisomo cha watu wazima, na tulikuwa bado kwenye maneno mafupi. "Maji" tunalisoma. "Dawa" tunalisoma kwa sauti kubwa, kwa fahari. "Tahadhari" lilikuwa refu mno, tukaliruka. Habari zikasambaa bondeni kote kwamba kwetu kuna maji ya dawa, na si maneno ya mtaani, yameandikwa na Serikali. Watu wakaanza kuja na chupa. Ukiwaambia kwamba wenyeji walitapika, ndiyo wanazidi kuamini, maana dawa ya kweli hutoa uchafu. Mavyaa mwenyewe aliapa kwamba tangu atapike magoti yamepoa.

Mimi nilikuwa nafuata maji kisima cha kijiji cha pili, kwenda na kurudi asubuhi nzima. Siku moja nikarudi na mtungi kichwani, nikamkuta mavyaa amempakata mwanangu. Mtoto alikuwa na homa, macho mazito. Mavyaa ana kijiko mkononi, na chupa ipo karibu yake, maji yake yana rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili.

"Ntoto ana joto," akaniambia kwa upole. "Nampa dawa."

Mtungi sikuutua, ulianguka mlangoni ukavunjika. Nilimpokonya mtoto, nikamtia kidole kinywani kutazama kama kumelowa. Kulikuwa kukavu. Nikakaa palepale kwenye maji na vigae. Mavyaa akaanza kulia, kwa sababu katika maisha yake hajaona mkwe akimpokonya mtu mjukuu wake. Nilikuwa na hasira, lakini si naye. Yeye alikuwa anampenda mtoto kwa neno alilosomewa.

Hasira nikampelekea mwenyewe. Bwana shamba alikuwa amekuja tena kukagua, yuko barazani kwa mwenyekiti, na wanakamati wamemzunguka. Nikambeba mtoto mgongoni, nikajitanda khanga vizuri, nikamimina maji ya ile chupa katika bakuli jeupe, nikalifunika kawa, nikaenda, nikapiga magoti mbele yake kama mke aliyefundwa na akafundika.

"Karibu maji, Bwana Shamba. Jua kali leo."

Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akafunua kawa. Ningelipiga teke lile bakuli kabla halijamfika mdomoni, mimi si muuaji. Ila nilitaka alishike. Ile rangi ikamsimamisha.

"Ya wapi haya?"

"Ya bwawani. Yana dawa."

Akalishusha bakuli taratibu. "Haya hayanyweki, mama."

"Kwa nini? Kwani wewe ni jani?"

Safari hii hakucheka mtu. Mwenyekiti alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Nikamwambia bwana shamba kwamba kijiko cha maji hayo kilikuwa kinakwenda kinywani mwa mwanangu kwa sababu ya kibao chake, na kwamba sitanyanyuka pale mpaka nisikie yana nini.

"Yana sumu," akasema, chini chini.

"Sema mwenyekiti asikie."

"Yana sumu."

"Basi kaandike."

Akaenda, na mimi nyuma yake na mtoto mgongoni, na watu nyuma yangu. Akafuta, akaandika kwa lami, herufi kubwa, hata wa darasa la kwanza la kisomo asome. Mavyaa akafika mwisho, magoti yake yamerudi kumwuma. Hakuwa amejifunza hata herufi moja, akaniuliza sasa kinasemaje.

"Sumu, mama."

Akakitazama kibao. "Sumu naijua mimi," akasema. "Nimevua nayo tangu nsichana. Siwezi kunpa ntoto sumu. Nani aliniambia dawa?"

Alikuwa anauliza kweli, anatutazama mmoja mmoja, anangoja jibu. Bwana shamba alikuwa bado amesimama pale, brashi mkononi, lami inamdondokea kwenye soksi.