Galoni la oili aliloniachia Baba

Leo nimelia gereji, hapa Karatu mjini, mbele ya mafundi. Kisa? Oili.

Nilipeleka gari langu jipya kumwaga oili kwa mara ya kwanza. Nikabeba galoni aliloninunulia Baba kabla hajafariki.

Baba alikuwa dereva wa watalii. Miaka yote ni kushuka na kupanda kreta, lile bonde la wanyama, na kwake oili ya maana ni nzito tu.

Fundi akafungua boneti, akasoma kifuniko cha oili.

"Dada, hili linataka nyepesi, 0W-20. Hii ya mzee ni nzito, 20W-50. Kwa baridi yetu ya asubuhi itachelewa kupanda kwenye injini. Utaliua gari."

Nikabisha! Nikamwambia Baba hajawahi kukosea kwenye gari.

Akasema taratibu, "Hakukosea. Alinunua ya gari analolijua."

Hapo ndipo nikalia. Sijui nyie mngefanyaje.

Nikawekewa nyepesi. Galoni nikarudi nalo nyumbani Rhotia. Landrova yake bado ipo uani. Alikuwa ameshamwaga oili ya zamani, akaugua kabla hajaweka nyingine. Nikamimina ile ya galoni, nikaazima betri kwa jirani, nikawasha.

Ikakohoa. Ikanguruma.

Mama akatoka jikoni mbio na beseni la maji ya kunawa, kama alivyofanya kila akiusikia mlio ule, Baba akirudi kazini.

Akaona ni mimi.

Akaliweka beseni chini polepole.

"Usizime kwanza, mwanangu."