Mashimo Manne ya Mzee Kibwana

Nakumbuka asubuhi moja pale Mvumi, nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, nilipokaribia kuapa mbele ya watu kwamba tuta la mfereji wetu ni zima. Mwenyezi Mungu alinihurumia, sikuapa. Kisa hicho nilimsimulia mjukuu wangu Zuhura hivi karibuni, na wewe, mwanangu, kipokee.

Zuhura na wenzake wako Mikumi wanaunda mfumo wa kompyuta. Mtazamaji wa mto anatuma kina cha maji kwa simu, mfumo unawapelekea wakulima wa bondeni taarifa, wajue kama wahame. Programu za mfumo huo huzungumza kupitia mlango uitwao API: moja inaomba, nyingine inajibu. Mlango huo lazima ujaribiwe kabla ya masika, na siku hizi zipo programu zinazoujaribu zenyewe. Kazi ni kujua ipi ya kuamini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Mbona umenuna?"

"Tunabishana, babu. Programu yangu inagonga mlango kwa maombi ya ovyo ovyo, maelfu. Ya mwenzangu Daudi inasoma maelezo ya mfumo na kufuata yaliyoandikwa tu. Yangu imegonga tangu jana, haijaona kosa hata moja. Kesho nataka tuwafungulie watu."

"Haijaona kosa, au kosa halipo?"

Akanitazama. Nami nikayaona macho yangu ya zamani katika macho yake.

Mwaka ule wa ujana wangu, Mzee Kibwana, msimamizi wa mfereji, alinituma mimi na Saidi kukagua tuta kabla ya maji kufunguliwa. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo, basi nikaandika orodha ya malango yote nikayapitia moja moja. Saidi alikwenda ovyo, akichoma fimbo popote.

"Msomi," alinitania, "umewahesabu na vyura?"

"Na wewe unatafuta tuta au panya?" nikamjibu.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Kila mmoja alisifu njia yake hadi tukafika kwa mzee, watu wakisubiri na miche ya mpunga mikononi. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Chakula chetu cha mwaka kilikuwa ile miche.

"Nimepita tuta lote," nikasema. "Niko tayari kuapa."

"Sikukuuliza umepita wapi," akasema Mzee Kibwana. "Umekuta nini?"

Nilikuwa nimekuta mawili: shimo karibu na lango la kwanza, na jingine karibu na la tatu. Saidi naye mawili: lile la lango la kwanza, na moja katikati ya nyasi ambako orodha yangu haikufika.

"Nilichimba matatu mwenyewe juzi, nikayafunika," mzee akasema. "La nne nililiweka kwenye lango la chini, nililegeza ubao. Hamkuliona nyote." Akatuongoza. Lango kavu lilionekana imara. Akafungua la juu, akafunga la chini, maji yakajaa, ubao ukasukumwa, yakavuja. Ilitakiwa kufuata mpangilio, kitendo kimoja baada ya kingine. Niliona aibu mbele ya mama, nikamshukuru Mungu kwa aibu hiyo.

Zuhura aliposikia, aliuliza, "Kwa hiyo nichimbe mashimo?"

"Kwenye nakala, mama, si kwenye mfumo wenyewe. Na achimbe mwingine, usijue yalipo."

Wiki iliyofuata alinipigia. Mwenzao wa tatu alificha makosa kwenye nakala. Programu ya Zuhura ilipata mengine, ya Daudi mengine. Lakini lipo moja lililozipita zote mbili: mtazamaji akituma kina, akakifuta kwa kuwa alikosea, halafu mkulima akauliza, mfumo unampa kile kilichofutwa. Programu ya tatu waliyoiongeza, inayofuata vitendo kwa mpangilio, ndiyo iliyolinasa. Walipoipeleka kwenye mfumo wenyewe, mwanangu, ikakuta kosa la aina hiyo hiyo ambalo hakuna aliyelificha!

"Ningefungua kesho yake, babu," alisema kwa sauti ndogo. Hakufungua. Wanarekebisha, na programu zote tatu zinafanya kazi pamoja.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usiipime kazi ya kukagua kwa hatua ulizopiga, ipime kwa mashimo uliyoyakuta. Usiamini jicho lolote ambalo hujalijaribu kwa shimo unalolijua. Anayefuata maandishi atakuta yaliyoandikwa, anayegonga ovyo atakuta ya bahati, anayefuata mpangilio atakuta yanayojificha nyuma ya mengine, waite wote. Na ukiona hakuna kosa, usiseme "ni zima". Sema "sijaliona", kisha utafute tena, kwani mdharau mwiba mguu huota tende.

Mola akujaalie subira ya kuuliza mara ya pili, akulinde na kiapo cha haraka, na akuonyeshe shimo kabla ya maji kulifikia. Amina.