Figiri ya Pembe Yenye Chumvi

Jumapili moja ya mwezi wa tatu tulimzika dada yangu huko Nemba. Nilitoka Mugoma na kitenge kimoja, nikidhani nitarudi upesi.

Nyuma ya nyumba yake kuna pembe ya shamba yenye udongo wa chumvi. Zamani ng'ombe walikuja kuulamba. Mahindi hunyauka pale. Dada alipanda figiri ya porini, ndugu ya kabichi, majani membamba na makali. Aliikuta imejiotea kando ya bwawa la mifugo. Ikakubali. Alikuwa akiichemsha, anamwaga maji ya kwanza, na chumvi hatii. Kule bwawani ng'ombe wameshaimaliza. Kwa ninavyojua, mbegu zilibaki kwenye pembe ile tu.

Wakati wa matanga maganda yalikuwa yamekauka. Figiri haisubiri, ganda likikauka hupasuka na mbegu kumwagika. Lakini msiba ukiwa ndani hakuna anayegusa shamba. Nikamwendea shangazi yake shemeji, aliyesimamia msiba.

"Shikamoo shangazi. Naomba nikachume mbegu tu. Jembe sitashika, ni mkono tu."

"Marahaba. Na huo mkono ni wa nini, wa kufukuzia nzi?"

Wanawake wa jikoni wakacheka. Nami nilicheka kidogo.

"Zitamwagika, shangazi."

"Zimwagike. Mwenzio hajapoa, wewe unavuna?"

Sikubishana. Nilichoka kulala mkekani, nilichoka kumweleza kila mgeni jinsi alivyougua. Hata hasira sikuwa nayo.

Tulipoondoa matanga, shemeji ndiye wa kupiga jembe la kwanza. Akaenda moja kwa moja kwenye pembe ile. Nadhani alitaka kumheshimu mkewe. Maganda yote yalikuwa matupu.

"Shemeji, hapo usilime."

"Si zimekwisha?"

"Ziko chini."

Akainama kutazama, hakuona kitu. Kusema kweli hata mimi sikuona. Akapiga jembe mara moja, maana ni lazima lipigwe, kisha akahamia kwenye mihogo.

Nilipiga magoti nikawa nakwangua udongo wa juu kwa viganja, natia kwenye mfuko wa sandarusi. Mfuko ulikuwa unajifunga kila mara. Shangazi akapita, akasimama.

"Sasa unabeba na udongo wetu?"

"Ndiyo, shangazi."

Akachuchumaa kwa shida, akaushika mdomo wa mfuko ukae wazi.