Ujira wa Waliokaa

Juzi nilipeleka ufuta wangu kwenye ghala moja pale Ikwiriri, nikakuta kioja. Wanawake wanaopepeta walikuwa wamesimama wote, nyungo mikononi, turubai walilozoea kukalia likiwa tupu.

"Mama zangu, kaeni basi, ufuta unamwagika," msimamizi aliwasihi.

"Hatukai, mwanangu," alijibu mmoja wao, akikaza kanga kiunoni. "Wiki jana tulikuuliza mbona wanaume wanaobeba magunia wanatuzidi ujira. Ukasema kwa sababu sisi kazi yetu ni ya kukaa. Haya, leo tumesimama."

Mbeba magunia mmoja, aliyekuwa amejilaza akisubiri lori, aliinuka upesi akajifanya anakung'uta shati. Msimamizi alimtazama, akawatazama wanawake, akajikuna kisogo.

"Suala hili nitamfikishia tajiri," alisema hatimaye.

Ufuta wangu ulipimwa nikaondoka, lakini mpaka leo jambo hili linagoma kuniingia kichwani. Kama kukaa kunapunguza ujira, msimamizi yule analipwa nini, maana hakunyanyuka kitini muda wote niliokuwapo? Au yeye ndiye anayemlipa tajiri?